Mnunuzi amekwisha kulipa, sasa anaomba mzigo uende anwani nyingine: nifanyeje?

Swali la msomaji: Mimi huuza lenzi za kamera zilizotumika kupitia eBay, nikiwa hapa Columbus, Ohio. Juzi nimeuza lenzi moja kwa dola 780. Mnunuzi amekwisha kulipa, na anwani iliyo kwenye oda ni ya Houston, Texas. Saa chache baadaye aliniandikia kwa Kiswahili, maana alikuwa ameliona jina langu, akasema kwamba yeye ni mtu wa Mombasa, kwamba anwani ya Houston ni ya shangazi yake ambaye amesafiri, na kwamba anaomba sana mzigo upelekwe kwa wakala wa mizigo aliyeko Delaware ili ausafirishe hadi Kenya. Akaunti yake ni ya miaka mingi na wauzaji waliopita wamemsifu. Sipendi kumwangusha mwenzangu, wala sipendi kuipoteza lenzi. Nifanyeje? Na je, jibu ni hilo hilo kwa wateja wachache wanaonilipa kwa PayPal bila kupitia eBay?

Jibu:

Dada yangu, usiutume mzigo huo Delaware kwa kutumia oda uliyo nayo sasa, hata kama unaamini kila neno aliloandika. Ghairi oda, mrudishie fedha zake zote kupitia eBay, umwombe aiweke anwani ya Delaware kwenye akaunti yake, kisha anunue lenzi upya kwa bei ile ile. Hii ndiyo njia ambayo eBay yenyewe huwaelekeza wauzaji waifuate pale mnunuzi anapotaka anwani nyingine baada ya kulipa. Uzuri wake ni kwamba haikulazimu uamue kama mtu huyu ni mkweli au ni tapeli. Akiwa mkweli atapata lenzi yake, na akiwa tapeli hataipata kwa gharama yako.

Naomba nieleze sababu kwa urefu kidogo, kwa kuwa wauzaji wengi huijua kanuni hii juu juu, na siku mnunuzi anapowaandikia kwa upole na kwa lugha ya nyumbani huiweka kando.

Unapouza kupitia eBay, ulinzi wako kama muuzaji umefungwa kwenye kitu kimoja, nacho ni anwani inayoonekana kwenye ukurasa wa oda baada ya malipo. Ukitokea ugomvi, eBay haiwezi kwenda Houston wala Delaware kuuliza majirani. Inachokifanya ni kuangalia namba ya kufuatilia mzigo, kuona mji na msimbo wa posta ambako mzigo ulifikishwa, na kuvilinganisha na anwani iliyo kwenye oda. Vikilingana, umesimama mahali salama. Visipolingana, kwa macho ya mfumo ni kana kwamba hukumpelekea mnunuzi kitu chochote, na haijalishi kwamba kifurushi kilifika salama salimini mikononi mwa mtu aliyekiomba.

Hasara inaweza kukufikia kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni mnunuzi mwenyewe. Anapokea mzigo Delaware, kisha anafungua madai kwamba hakupokea kitu. Kwa mujibu wa dhamana ya eBay ya kurudishiwa fedha, ana siku 30 za kufanya hivyo, zinazohesabiwa kuanzia tarehe ambayo mzigo ulitarajiwa kufika au ulipofika. Wewe unapewa siku 3 za kazi za kujibu. Utapeleka namba ya kufuatilia, nayo itaonyesha kwamba mzigo ulishushwa katika jimbo ambalo halimo kwenye oda. Hapo kesi imekwisha kabla hujaanza kujieleza.

Mlango wa pili ndio unaonitia wasiwasi zaidi katika habari uliyonieleza, kwa sababu anayedai huwa ni mtu ambaye hujawahi kuzungumza naye kabisa. Mwizi hupata nywila ya akaunti ya mtu mwingine, mara nyingi kwa sababu mwenyewe alitumia nywila moja kila mahali na ikavuja kwingine. Ndani ya akaunti hiyo anakuta kadi iliyohifadhiwa, anwani halali ya mwenye akaunti, na sifa nzuri za miaka mingi. Ananunua kwa kadi ile ile na kwa anwani ile ile, kwa hiyo mitambo ya kukagua wizi haioni jambo geni: kadi ni ile ya siku zote na mzigo unakwenda kwenye nyumba ya siku zote. Shida yake inabaki moja tu, kwamba yeye hakai katika nyumba hiyo. Ndiyo maana humwandikia muuzaji na kumwomba, kwa heshima zote, aupeleke mzigo mahali pengine. Wiki kadhaa baadaye mwenye kadi anaona dola 780 zimetoka, anakwenda benki na kuyapinga malipo. Kwa kadi za Visa, mteja kwa kawaida ana hadi siku 120 za kupinga. Benki inaitaka fedha irudi, eBay inakuuliza ushahidi wa kufikisha mzigo kwenye anwani ya oda, nawe huna. Lenzi imekwenda na fedha imekwenda.

Utaona basi kwamba ule umri wa akaunti na zile sifa nzuri ulizozitaja havithibitishi lolote hapa. Akaunti inayoibwa na kutumiwa kwa namna hii ni lazima iwe nzuri, kwa kuwa akaunti mpya isiyo na sifa ingewashtua wauzaji mapema.

Baadhi ya wauzaji huniambia: lakini nina ujumbe wake kwenye eBay, ameandika mwenyewe kwamba nipeleke Delaware, je, huo si ushahidi? Ujumbe huo unathibitisha kwamba mtu aliyeingia kwenye akaunti aliomba hivyo. Hauthibitishi kwamba mtu huyo ni mwenye akaunti, na wala haubadilishi anwani iliyosajiliwa kwenye oda. Uhifadhi kwa sababu hauna ubaya, lakini usiuweke mahali pa ulinzi. Vivyo hivyo kwa lebo ya posta: hata pale ambapo ukurasa wa kuchapisha lebo unakuruhusu kuandika anwani tofauti, ruhusa hiyo ni ya kuchapisha tu na haigusi masharti ya ulinzi wako. Nimeona wauzaji makini wakinaswa hapo, kwa kudhani kwamba jambo ambalo mfumo haukuwakataza ni jambo ambalo mfumo umelikubali.

Baada ya kusema hayo yote, ni haki nimtetee mnunuzi wako, maana maelezo aliyoyatoa ni ya kawaida kabisa. Watu wengi wa Afrika Mashariki hununua vitu Marekani kwa njia hiyo hiyo. Muuzaji wa Ohio au wa Oregon mara nyingi hataki kutuma nje ya nchi, kwa hiyo mnunuzi hujisajili kwa wakala mwenye ghala, anapewa anwani ya ghala pamoja na namba yake ya mteja, na vitu vyake vyote hukusanywa huko kabla ya kupakiwa kwenye ndege au meli. Mawakala wengi wamechagua Delaware kwa sababu ya wazi: jimbo hilo halitozi kodi ya mauzo. Kwa hiyo neno Delaware peke yake lisikutie hofu. Mtu mkweli anaweza kabisa kuwa alinunua usiku kwa simu, akasahau kwamba anwani iliyochaguliwa ni ya shangazi, akagundua asubuhi.

Na hapa ndipo hesabu inapomsaidia mtu mkweli, jambo ambalo wauzaji wengi hawalioni. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 2018 katika kesi ya jimbo la South Dakota na Wayfair, kampuni inayouza samani mtandaoni, majimbo karibu yote yenye kodi ya mauzo yamezitaka soko za mtandaoni zikusanye kodi hiyo kwa kufuata anwani ambako mzigo unapelekwa. Houston hutozwa asilimia 8.25. Kwa lenzi ya dola 780, mnunuzi wako ametozwa kodi ya dola 64.35 juu ya bei, ukiacha kodi ya gharama za kutuma. Akinunua upya kwa anwani ya Delaware, kodi hiyo inakuwa sifuri. Maana yake ni kwamba kughairi na kununua upya, ambako unaogopa kuwa ni kumsumbua mwenzako, kutamwachia zaidi ya dola 64 mfukoni. Kumpelekea mzigo Delaware kwa oda ya sasa, kwa upande mwingine, ni kumwacha alipe kodi ya Texas kwa kitu ambacho hakitafika Texas. Mwambie hivyo. Mtu ambaye kweli ana wakala Delaware anazijua hesabu hizi na atakushukuru.

Sasa tuje kwenye utekelezaji, maana kughairi vibaya kunaweza kukuumiza pia.

Kwanza mwandikie mnunuzi ndani ya mfumo wa ujumbe wa eBay, usihamie WhatsApp wala barua pepe hata akikuomba. Unaweza kuandika maneno kama haya:

«Kaka, asante sana kwa kununua. Kwa kanuni za eBay natakiwa nitume mzigo kwenye anwani iliyo kwenye oda peke yake, na mimi kama muuzaji sina uwezo wa kuibadilisha. Naomba nighairi oda hii ili fedha zako zote zirudi kwenye njia ile ile uliyolipia, kisha uweke anwani ya Delaware kwenye akaunti yako na ununue upya kwa bei ile ile. Kodi ya Texas uliyotozwa haitakuwapo tena. Ukikubali, nijibu hapa hapa, nami nitaghairi mara moja na kukutumia kiungo cha tangazo jipya.»

Ujumbe huu haumshutumu mtu. Haumwulizi shangazi yake ni nani wala amesafiri kwenda wapi. Nakusihi sana usianze kumhoji, kwani mkweli ataona umemdhalilisha, na tapeli ana majibu tayari. Lakini yatazame majibu yake. Akikubali, endelea. Akianza kukuharakisha, akisema lenzi inatakiwa kwa harusi ya kesho kutwa, akikataa kabisa kughairi bila sababu inayoeleweka, au akipendekeza umrudishie fedha kwa Zelle, huduma ya Marekani ya kutumiana fedha kupitia benki, au kwa njia nyingine yoyote iliyo nje ya eBay, basi ghairi na usimwuzie tena. Fedha irudi ilikotoka, na kupitia kitufe cha kughairi tu. Anayeomba fedha irudi mahali pengine huenda anajaribu kuitoa fedha kwenye kadi ya mtu mwingine kwa mkono wako, na siku mwenye kadi atakapopinga malipo ya kwanza utajikuta umelipa mara mbili.

Pili, unapoghairi, mfumo utakuuliza sababu. Chagua ile inayosema kwamba mnunuzi ameomba kughairi, au ile inayosema kuna tatizo na anwani ya mnunuzi. Kwa hali yako hii ya pili ndiyo inayosema ukweli wote. Usichague kwamba bidhaa imekwisha au imeharibika, hata kama imewekwa juu kwenye orodha na kidole kinaiona haraka. Sababu hiyo huhesabiwa kuwa kosa la muuzaji, na muuzaji wa Marekani anayetaka kubaki katika kiwango cha kawaida hatakiwi kuzidisha makosa ya aina hiyo zaidi ya asilimia 2 ya mauzo yake, wakati muuzaji wa daraja la juu hatakiwi kuzidi asilimia 0.5. Kwa mtu anayeuza lenzi chache kwa mwezi kama wewe, kosa moja lisilo lako linaonekana haraka.

Tatu, rudisha tangazo sokoni kwa bei ya kununua papo hapo, na uweke sharti la kulipa mara moja, ili mtu asiishike lenzi bila kulipa. Kama oda ya kwanza ilitokana na mnada, weka bei aliyoshinda nayo. Ipo hatari ndogo kwamba mtu mwingine ataiwahi, kwa hiyo patana naye saa ambayo wote mko mtandaoni, ndipo ulifungue tangazo na kumtumia kiungo.

Kuna jambo moja linalowasumbua wanunuzi wakweli hapa, nalo linastahili uvumilivu wako. Fedha inayorudishwa kwenye kadi haifiki papo hapo. Kwa kawaida huchukua siku 3 hadi 5 za kazi, na benki nyingine huchelewesha zaidi. Mtu aliyelipa kwa kadi ya mkopo yenye nafasi hataona shida, lakini mtu aliyeko Mombasa aliyelipa kwa kadi ya mtandaoni inayotoa fedha kwenye M-Pesa, kama ile ambayo Safaricom na Visa waliianzisha mwaka 2022, pengine alikuwa na kiasi hicho peke yake. Hawezi kulipa tena kabla ya fedha ya kwanza kurudi. Akikueleza hivyo, usilione kuwa ni dalili ya utapeli. Mwahidi kwamba hutalirudisha tangazo sokoni hadi fedha yake ifike, kama unaweza kumudu kungoja siku hizo, na uweke tarehe ya mwisho ili nawe usifungwe. Ningekuwa mimi ningengoja wiki moja. Huo ndio wema ulio katika uwezo wako, na haukugharimu chochote zaidi ya siku.

Oda mpya ikiingia, soma anwani yake kwa makini kabla ya kuchapisha lebo. Kwa ghala la wakala, sehemu muhimu kuliko zote ni ile namba ya mteja inayokaa baada ya jina la barabara, kwa sababu ghala moja hupokea vifurushi vya watu wengi na wafanyakazi hutambua mwenye mzigo kwa namba hiyo. Kama haipo, mwulize kabla ya kutuma. Kisha, kwa kuwa bei imezidi dola 750, lipia huduma ya kutia sahihi wakati wa kupokea. Kuanzia jumla ya dola 750, eBay Marekani haikubali ushahidi wa kufikisha mzigo usio na sahihi, na ungekuwa msiba kufuata taratibu zote za anwani kisha ukaangushwa na dola chache za sahihi. Sahihi ya mfanyakazi wa ghala inatosha, maana imetolewa kwenye anwani iliyo kwenye oda.

Inafaa pia mnunuzi ajue kwamba dhamana ya eBay haifuati mzigo baada ya kutoka kwa wakala. Lenzi ikivunjika kati ya Delaware na Mombasa, hilo ni suala lake na wakala wake. Mwambie mapema, kwa uungwana. Piga picha za kioo cha mbele na cha nyuma, na za namba ya utambulisho ya lenzi, kabla ya kufunga boksi, ili isije ikaonekana baadaye kwamba iliondoka kwako ikiwa na hitilafu.

Nimezungumzia anwani inayobadilika kabisa. Yako maombi madogo ambayo siyaweki kundi moja na hilo. Mnunuzi akisahau namba ya nyumba katika jengo lile lile, au akiwa ameandika jina la barabara kwa kukosea herufi moja, huku mji na msimbo wa posta ukibaki ule ule, mimi huona ni halali kuongeza kilichopungua na kutuma, mradi ameomba kupitia ujumbe wa eBay na kitu chenyewe si cha thamani kubwa. Kwa lenzi ya dola 780 ningeghairi hata kwa namba ya nyumba, lakini nakubali kwamba muuzaji mwingine mwenye akili timamu angetuma. Barabara nyingine, hata ndani ya mji ule ule, ni anwani nyingine. Na kama mnunuzi hajalipa bado hakuna tatizo lolote: mwambie achague anwani sahihi wakati wa kulipa, basi.

Pengine utakutana na ombi la namna hii wakati mzigo umekwisha kuondoka mikononi mwako. Hapo mnunuzi hukusihi uwapigie simu wasafirishaji waugeuze njiani. Huduma hiyo ipo kweli: USPS, yaani posta ya Marekani, pamoja na kampuni za UPS na FedEx zote zina namna ya kuuzuia mzigo kabla haujafikishwa, kwa malipo. Ukiitumia, omba mzigo urudi kwako, usiombe uende anwani mpya. Mzigo uliogeuzwa kwenda kwingine una hatari ile ile kama uliotumwa kwingine tangu mwanzo, na umelipia ada juu yake. Kama hutaki kuurudisha, uache ufike ulikoandikiwa, umweleze mnunuzi kwamba apange na aliyeko kwenye anwani hiyo aupokee. Wapo pia wanunuzi wanaougeuza mzigo wenyewe kupitia akaunti zao za UPS au FedEx bila kukuambia. Kwa vitu vya bei kubwa, uliza unapotuma kama unaweza kuweka zuio ili anwani isibadilishwe na mpokeaji.

Neno fupi kuhusu jambo linalowachanganya wauzaji wapya, ili usije ukamghairia mtu bure. Mnunuzi wa nje ya Marekani akinunua kupitia mpango wa eBay wa kutuma nje ya nchi, anwani utakayoiona ya kupeleka mzigo ni ya kituo cha eBay kilichoko Illinois, ingawa yeye yuko Nairobi au Berlin. Hiyo ndiyo anwani ya oda, nayo ndiyo inayokulinda. eBay huubeba mzigo kutoka hapo. Mnunuzi wa namna hiyo akikuomba uuruke mpango na kumtumia moja kwa moja nyumbani kwake, jibu ni lile lile nililokupa juu ya Delaware.

Kuhusu swali lako la pili, kwa wateja wanaokulipa kwa PayPal bila kupitia eBay msingi haubadiliki. Wengi bado hudhani kwamba kampuni hizi mbili ni kitu kimoja, kwa kuwa eBay iliinunua PayPal mwaka 2002, lakini zilitengana mwaka 2015, na siku hizi eBay hupokea malipo ya wauzaji yenyewe. Ulinzi wa muuzaji wa PayPal una masharti yake, na sharti la anwani limeandikwa waziwazi: tuma kwenye anwani iliyo kwenye ukurasa wa maelezo ya malipo. Masharti hayo yanakwenda mbali zaidi na kusema kwamba mzigo uliotumwa kwenye anwani sahihi kisha ukageuzwa njiani kwenda kwingine hauna ulinzi. PayPal pia hushauri usitumie msafirishaji aliyepangwa na mnunuzi, kwa maana utakosa ushahidi wako mwenyewe wa kutuma na kufikisha. Sahihi inahitajika huko pia kuanzia dola 750. Muda wa mnunuzi kulalamika ni mrefu zaidi, siku 180 tangu alipolipa, kwa hiyo kosa la anwani lililofanyika mwezi Januari linaweza kukurudia mwezi Juni.

Tofauti moja ya kuuma ni ada. Kwenye eBay, oda ikighairiwa na fedha yote kurudishwa, ada ya mauzo hurejeshwa kwako. PayPal, unapomrudishia mteja fedha, ile ada uliyokatwa mwanzoni haikurudii. Kwa sababu hiyo wateja wako wa PayPal waombe wathibitishe anwani kabla hawajalipa, na uiandike kwenye ankara yenyewe. Mteja akibadilisha mawazo baada ya kulipa, bado ningekushauri urudishe fedha na utume ankara mpya, hata kama ada itakuuma. Ni haki pia kumweleza kwamba kubadilisha kumekugharimu na kumwomba akubali kuibeba ada hiyo katika ankara ya pili. Wateja wengi waungwana hukubali.

Mwisho ni suala la muda. Hesabu siku ulizoahidi kutuma tangu mnunuzi alipolipa, na umwandikie leo. Muuzaji anaweza kughairi oda hadi siku 30 baada ya mauzo, lakini oda iliyokaa bila kutumwa huhesabiwa kuwa imechelewa muda mrefu kabla ya hapo. Asipokujibu hadi siku yako ya mwisho ya kutuma, usiipeleke lenzi Houston kwa matumaini, kwa kuwa amekwisha kukuambia kwamba hakuna wa kuipokea. Ghairi kwa sababu ya tatizo la anwani, mwachie ujumbe kwamba anakaribishwa kununua tena kwa anwani iliyo sahihi, kisha irudishe lenzi sokoni.